Nyuma ya Beji: Mabawa ya Marubani wa Kijeshi na Swali la Uhalisi

Mpe mkusanyaji mzoefu beji ya mabawa ya rubani wa Vita Kuu ya Pili, utaona kwamba kabla hata hajaitazama vizuri ameshaigeuza. Uso wa beji ni rahisi kuiga. Mgongo ni mgumu zaidi, kwa sababu waigaji wengi huuharakisha. Hapo anaangalia pini ilivyofungwa, bawaba yake ilivyolehemiwa, kama neno la kuthibitisha fedha limeinuka juu ya bamba au limegongwa ndani, na mhuri wa mtengenezaji umekaa wapi. Mengine kama tai ana sura kali au ngao imekaa sawa yatafuata baadaye.

Tabia hiyo ina sababu, na sababu yenyewe ndiyo inayoutofautisha ukusanyaji wa mabawa na ukusanyaji wa nishani. Nishani za Uingereza za Vita Kuu ya Kwanza zilichongwa jina na nambari ya askari kwenye ukingo. Ukiishika, unajua ni ya nani. Beji ya mabawa, isipokuwa katika nchi chache, haikuwa na jina la mtu. Jeshi lilimpa rubani haki ya kuivaa, na aghalabu beji ya kwanza. Nyingine alijinunulia mwenyewe kwa fundi cherehani au kwa sonara, akichagua nzuri kadiri ya mfuko wake. Afisa mmoja aliweza kuwa na beji ya koti, nyingine ndogo ya shati, na ndogo zaidi ambayo alimtumia mama yake au mchumba. Zote ni halali, zote ni za vita, na hazifanani. Kwa hiyo swali la beji ipi ni halisi halikuwa na jibu moja tangu mwanzo. Maoni yangu ni kwamba soko la leo limejibu nusu yake tu: limejenga elimu kubwa ya chuma, likaacha elimu ya watu.

Mwanzo wenyewe haukuwa na mpangilio. Februari 1913 Mfalme George V wa Uingereza aliidhinisha beji ya Royal Flying Corps: mabawa mawili meupe ya nyuzi, shada la majani katikati, ndani yake herufi RFC, na taji juu. Mwaka huohuo Jeshi la Marekani, ambalo ndege zake zilikuwa chini ya kikosi cha mawasiliano, lilitoa beji ya dhahabu ya tai aliyebeba bendera mbili za kupeana ishara. Tai huyo ananing'inia chini ya kipande kilichochongwa cheo cha mvaaji. Januari 1913 Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani alikuwa ametangulia na beji ya duara dufu yenye shada na taji, na ndege aina ya Taube ikiruka juu ya mashamba. Nchi tatu, na kila moja ilikuwa na wazo lake kuhusu rubani ni nani: Mwingereza alimvika mabawa, Mmarekani akamfanya mpeleka habari, Mjerumani akachora mashine yenyewe.

Baadaye mabawa ndiyo yaliyoshinda karibu kila mahali. Marekani iliuacha mtindo wa tai na bendera mwaka 1917, ikachukua ngao yenye mabawa. Waingereza mwaka 1915 walibuni bawa moja lenye herufi O kwa mtazamaji, yaani yule aliyekaa na rubani akichora ramani, kupiga picha na kufyatua bunduki. Katika Vita ya Pili herufi ziliongezeka, kila kazi ndani ya ndege ikapata bawa lake: N kwa mwelekezaji njia, AG kwa mpiga bunduki, B kwa mlenga mabomu, E kwa mhandisi. Wamarekani nao walikuwa na beji tofauti ya rubani, ya mwelekezaji, ya mlenga mabomu, ya mpiga bunduki, ya rubani wa ndege isiyo na injini, hata ya muuguzi wa ndege.

Idadi ya waliozivaa inafaa kukumbukwa kabla ya mtu kutoa fedha zake. Kuanzia Julai 1939 hadi Agosti 1945 jeshi la anga la Marekani lilihitimisha marubani zaidi ya 193,000. Mpango wa mafunzo wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Kanada ulitoa wanaanga zaidi ya 131,000 wa kila aina. Beji ya kawaida ya rubani wa Marekani ya mwaka 1943 ni kitu cha kale, lakini si adimu. Anayekwambia ni adimu ama hajui, ama anauza.

Sasa turudi mgongoni. Beji nzuri ya Marekani ya wakati wa vita ilitengenezwa kwa kugongwa. Fundi alichonga sura ya bawa kinyume ndani ya kalibu ya chuma kigumu. Bamba la fedha liliwekwa juu, na mashine ikaligonga kwa uzito mkubwa mpaka fedha ikaingia katika kila mfereji wa unyoya. Matokeo yake ni mistari mikali, kona zilizokatika, na uso usio na vitundu. Mwigaji wa mtaani hana mashine hiyo. Yeye huchukua beji halisi, hutengeneza kalibu ya udongo au ya mpira kutokana nayo, kisha humimina chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa husinyaa. Beji iliyopaswa kuwa na upana wa inchi 3, yaani milimita 76, inatoka pungufu kwa milimita moja hivi. Chini ya kioo cha kukuzia utaona vitundu vidogo kama vya sindano, mistari ya manyoya iliyolainika, na alama za tupa ukingoni ambako fundi aliondoa chuma kilichozidi. Herufi za mhuri wa mtengenezaji nazo hufifia, maana hazikugongwa bali zimenakiliwa pamoja na mengine.

Kwa nini fedha, tena katika vita ambamo kila kitu kilibanwa? Kwa sababu shaba nyekundu na shaba nyeupe zilihitajika kwa risasi na nyaya, ilhali fedha ilikuwa imelala kwenye hazina ya serikali. Wakati huohuo mradi wa bomu la atomiki huko Oak Ridge uliazima zaidi ya tani 14,000 za fedha kutoka Hazina ya Marekani ili kutengeneza nyaya za sumaku badala ya shaba. Ukilijua hilo, beji ya fedha kifuani mwa kijana wa miaka 21 inaacha kuwa anasa.

Hata hivyo, kanuni ya kugongwa dhidi ya kumiminwa ina mipaka, na hapa ndipo wengi huteleza. Rubani aliyekuwa Italia, Australia au India hakungoja kifurushi kutoka New York. Alikwenda kwa sonara wa mji. Duka la Angus & Coote la Sydney lilitengeneza mabawa ya Wamarekani, na J.R. Gaunt wa Uingereza pia. Huko India mafundi walidarizi mabawa kwa nyuzi za zari, zilezile ambazo mwanamke wa Mombasa au Unguja anazijua kwenye nguo ya harusi. Beji hizo zina manyoya yasiyolingana, ngao imepinda, pini imetolewa kwenye kitu kingine kabisa. Kwa kipimo cha kiwanda ni mbovu. Kwa kipimo cha historia zinaeleza zaidi, kwa kuwa zimebeba mkono wa mahali. Mwigaji anajua hilo pia, na ubovu ni rahisi kuuiga. Ndiyo maana aina hii inapendwa sana na wauzaji wenye hadithi ndefu.

Kuna fungu la tatu linalosumbua zaidi ya hayo mawili. Vita vilipokwisha, kalibu hazikuyeyushwa. Kuna waliozihifadhi na kuendelea kugonga beji kutokana nazo kwa miaka mingi, kwa marubani waliopoteza zao, kwa maduka ya kumbukumbu, na mwishowe kwa wakusanyaji wenyewe. Beji ya namna hiyo imetoka kwenye chuma kilekile, pengine hata chini ya paa lilelile, lakini hakuna rubani wa vita aliyeivaa. Je, ni ghushi? Anayeiuza kama ya 1943 anadanganya, hilo halina mjadala. Beji yenyewe lakini haidanganyi. Ni beji ya kweli ya mwaka mwingine. Mkusanyaji wa aina hii huangalia kalibu ilivyochoka, nyufa ndogo ambazo hazikuwapo kwenye beji za mwanzo, na namna ya kufungia: pini ndefu yenye bawaba ni ya zamani zaidi, ilhali vile vijiti viwili vyenye vishikizi vya kubana vilianza kuenea wakati wa vita na kuzoeleka baadaye.

Kwa beji za nguo, kipimo maarufu ni taa ya miale ya urujuanimno. Nyuzi nyingi za kisasa, na sabuni za kisasa, zina kemikali zinazong'aa chini ya taa hiyo. Nyuzi za pamba na hariri za 1940 hazing'ai hivyo. Wengi wamekifanya kipimo hiki kuwa hukumu. Si hukumu. Bibi aliyelifua koti la marehemu mumewe mwaka 1975 ameifanya beji halisi ing'ae, na mwigaji anayenunua uzi wa zamani ambao haujatumika ameifanya ghushi ising'ae.

Waingereza waliwapa wakusanyaji kipimo kingine cha bure: taji. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 hadi kifo cha Mfalme George VI mwaka 1952, beji zilikuwa na taji la mtindo wa Tudor, lenye matao yanayopanda kwa duara. Malkia Elizabeth II alichagua taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake yanabonyea katikati. Kwa miaka 70 mtu aliweza kutazama mara moja na kusema hii ni ya kabla, hii ni ya baada. Kisha mwaka 2022 Mfalme Charles III akarudi kwenye mtindo wa Tudor. Beji mpya za Jeshi la Anga la Kifalme sasa zinabeba taji la namna ileile iliyokuwa ikithibitisha uzee. Kwa sasa kitambaa na uzi vinazitofautisha kirahisi. Baada ya miaka 40 ya jua na nondo, sina hakika kama itakuwa rahisi hivyo.

Ujerumani ina tatizo lake peke yake. Beji ya rubani wa Luftwaffe iliyoanzishwa mwaka 1935 ina tai aliyeshika swastika, amefungwa kwa ripiti juu ya shada. Ni kazi ya ufundi mkubwa, hasa zile za awali kabla vita havijalazimisha matumizi ya zinki, ambayo hugeuka kijivu na kumwaga rangi yake. Sheria ya Ujerumani inazuia kuonyesha swastika hadharani isipokuwa kwa shughuli kama elimu, sayansi na sanaa, ndiyo maana katika orodha za minada ya huko alama hiyo hufunikwa kwa karatasi. Mwaka 1957 serikali ya Ujerumani Magharibi iliruhusu maveterani kuvaa tena nishani zao kwa sharti kwamba swastika iondolewe, na viwanda vikagonga beji mpya zenye tai mikono mitupu. Beji hizo za 1957 zimedharauliwa na wakusanyaji kwa muda mrefu. Mimi nazipa uzito, kwa sababu zinaonyesha nchi ikijaribu kuheshimu ujasiri wa mtu bila kuheshimu alichokipigania, na jinsi jambo hilo linavyoacha shimo la wazi katikati ya shada.

Pale ambapo fedha nyingi zinaingia, ndipo ughushi unapokuwa sanaa. Mfano ulio wazi ni mabawa ya WASP, wanawake wa Marekani waliorusha ndege za jeshi kati ya 1942 na 1944 chini ya uongozi wa Jacqueline Cochran. Waliohitimu walikuwa 1,074, na 38 walikufa kazini. Walihesabiwa kuwa raia hata walipokuwa wakikokota shabaha angani ili wapiga mizinga wajifunze kulenga, kwa risasi za kweli. Hadhi ya kijeshi hawakuipata hadi 1977. Beji yao ya mwisho ilifanana na ya wanaume isipokuwa katikati: badala ya ngao kuna umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, mfano wa kipande cha kashata. Kwa kuwa ni chache na zinatafutwa, bei yake inapita ya beji ya kawaida mara nyingi sana, na mwigaji anahitaji tu beji ya kawaida, tupa na risasi ya kulehemia. Anaisaga ngao, anabandika pembe nne. Ukiikuza utaona mstari mwembamba wa kilehemu kuzunguka umbo hilo, fedha ya rangi mbili, na mizizi ya manyoya iliyokatwa ghafla ilipokutana na tupa. Ukatili mdogo wa hadithi hii ni kwamba beji za madarasa ya mwanzo ya WASP zilitengenezwa kwa njia inayokaribiana na hiyohiyo: beji za kawaida za jeshi zilizosagwa ngao, kisha zikabandikwa nyingine yenye alama ya darasa. Kilehemu peke yake, basi, hakitoshi kumtia mtu hatiani.

Hapo chuma kinafika mwisho wake. Kinaweza kusema lini na wapi, wakati mwingine nani aliyeitengeneza. Nani aliivaa, hakisemi, isipokuwa kwa nchi chache. Beji ya Poland, tai anayeshuka na shada mdomoni huku akining'inia kwa mnyororo, ina nambari nyuma. Ufaransa nayo mara nyingi ilichonga nambari ya cheti cha rubani. Nambari ni mlango. Eugene Bullard, Mmarekani mweusi kutoka Columbus, Georgia, alipata cheti chake cha urubani Ufaransa mwezi Mei 1917, nambari 6950. Marekani ilipoingia vitani aliomba kuhamia upande wa nchi yake, hakuchukuliwa. Mabawa ya Marekani hakuyavaa maishani. Jeshi la anga la nchi yake lilimpa uafisa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kifo chake.

Linganisha na marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee. Watano wa kwanza walihitimu tarehe 7 Machi 1942, akiwemo Benjamin O. Davis Mdogo, na hadi mwisho wa vita wakafika karibu elfu moja. Jeshi liliwatenga katika kambi, katika vikosi na katika mabwalo ya maafisa, lakini beji liliwapa ileile ya rubani yeyote. Kwa chuma, hakuna kitu kinachoitwa bawa la Tuskegee. Muuzaji anayetaja jina hilo anauza karatasi: amri ya kuhitimu, daftari la safari za anga, picha, barua, ushahidi wa familia. Kama karatasi hazipo, anauza maneno. Na jina lililochongwa nyuma ya beji si karatasi. Lingeweza kuchongwa juzi. Tazama kama mikwaruzo ya herufi inang'aa kuliko fedha inayoizunguka.

Ndivyo ilivyo pia kwa Johnny Smythe wa Sierra Leone, aliyeingia jeshi la anga la Uingereza baada ya kizuizi cha rangi kulegezwa Oktoba 1939, akawa mwelekezaji njia, akaangushwa na kutekwa Ujerumani mwaka 1943. Bawa lake la herufi N lilikuwa kipande cha kitambaa kisicho na tofauti na maelfu ya mengine. Mtu akilikuta ndani ya kopo la vifungo kwenye duka la mitumba la London, bila jina, litauzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Pwani yetu imo katika historia hii kwa namna ambayo wakusanyaji wa Ulaya huitaja kwa mstari mmoja. Mwaka 1915 marubani wa jeshi la wanamaji la Uingereza, waliovaa tai wa dhahabu kwenye mkono wa koti, waliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa ikaanguka majini wakati wakielekeza mizinga, wote wawili wakapona, na manowari haikupona. Mwaka 1939 kijana wa kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam, Roald Dahl, alikwenda Nairobi kujifunza kurusha Tiger Moth, akamalizia mafunzo Habbaniya nchini Iraki na kupewa mabawa yake. Baadaye akawa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto.

Lakini mabawa yanayostahili kutafutwa hapa kwetu ni ya baada ya uhuru. Jeshi la anga la Kenya liliundwa 1964, likavunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, likaendelea kwa jina jingine kabla ya kurudishiwa la awali. Marubani wa mwanzo wa Tanzania walifundishwa na Wakanada kati ya 1965 na 1970, waliofuata na Wachina, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliwakuta kazini. Mabadiliko ya majina na ya walimu ndiyo hasa yanayomsaidia mkusanyaji kupanga tarehe. Tatizo ni sheria: katika nchi zote mbili raia anayekutwa na sare za jeshi anaweza kushtakiwa, kwa hiyo beji hizi hukaa kabatini, na mwenyewe akifariki familia huziogopa na kuziondoa. Hapo kazi haihitaji pochi. Inahitaji daftari: jina, kozi, mwaka, uwanja aliosomea, ndege aliyoirusha, picha ya beji mbele na nyuma ikiwa bado iko kifuani mwa koti lake, na idhini ya mwenyewe au ya watoto wake.